Mbao, Chuma au Plastiki? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utengenezaji wa Bidhaa

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: anayetaka kufungua karakana au kiwanda kidogo, na mnunuzi anayetaka kujua kwa nini viti viwili vinavyofanana vina bei na maisha tofauti. Mifano mingi ni ya viti na madawati, kwa kuwa ndiyo bidhaa ambazo huku kwetu hutengenezwa kwa mali zote tatu, yaani mbao, chuma na plastiki.

Kiti ni kiti. Utengenezaji wake unatofautiana wapi hasa?

Unatofautiana katika namna umbo linavyopatikana. Mbao hupunguzwa. Fundi anaanza na ubao mkubwa, anapasua, anaranda, anatoboa, mpaka kilichobaki mkononi ndicho mguu wa kiti, na kilichoondolewa kinalala sakafuni kama maranda. Chuma kina njia nyingi kuliko mali nyingine yoyote: hukatwa, hukunjwa, hufuliwa, husubiwa (huyeyushwa na kumiminwa), hukerezwa na huchomelewa. Plastiki kwa kawaida haichongwi wala haiungwi vipande. Inayeyushwa, inasukumwa ndani ya kalibu, yaani chombo chenye uwazi wa umbo la bidhaa, na kiti kinatoka kizima.

Kwa hiyo ufundi unakaa mahali tofauti. Katika mbao, uko mikononi mwa fundi na unahitajika upya kwa kila kiti. Katika chuma, sehemu kubwa iko kwenye kipimo na kwenye kiolezo kinachoshikilia vipande wakati wa kuchomelea. Katika plastiki, karibu ufundi wote ulishamalizwa na aliyetengeneza kalibu, miezi mingi kabla kiti cha kwanza hakijatoka.

Nataka kuanza kuzalisha. Nichague mali gani?

Usianze na mali. Anza na idadi: utauza vipande vingapi vya umbo lile lile kabla soko halijabadilika? Hilo ndilo swali ambalo wengi hulifikia wakiwa wamekwisha kununua mashine, na linaumiza.

Chukua hesabu hii ya mfano (tarakimu ni za kuonyesha njia tu, weka za kwako). Tuseme kalibu ya kiti cha plastiki inagharimu Sh 60,000,000, na kila kiti kinakula Sh 8,000 za malighafi na kukodi mashine. Ukitengeneza viti 1,000, kila kiti kinabeba Sh 60,000 za kalibu, jumla Sh 68,000. Ukitengeneza 100,000, kalibu inabaki Sh 600 kwa kiti, jumla Sh 8,600. Sasa weka pembeni kiti cha chuma: kiolezo Sh 400,000, na kila kiti Sh 30,000. Plastiki inaanza kuwa nafuu ukishavuka karibu viti 2,700. Chini ya hapo, chuma kinashinda. Na kama mteja anataka viti 12 vya ukumbi wake, kwa mchoro wake mwenyewe, mbao ndiyo inayojibu, maana fundi hahitaji kalibu wala kiolezo cha maana. Anahitaji penseli na kipimo.

Kwa hiyo mbao haiwezi kuzalishwa kwa wingi?

Inaweza, na ilifanyika kabla ya plastiki kuwepo. Mwaka 1859 Michael Thonet, aliyekuwa na viwanda Austria, alitoa kiti chake namba 14. Fito za mbao zilipikwa kwa mvuke, zikapindwa zikiwa za moto na kufungwa kwenye kalibu za chuma mpaka zikauke na umbo lao. Kiti kizima kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Siri haikuwa mvuke peke yake. Siri ilikuwa kuondoa maungio yanayohitaji patasi, na kusafirisha kiti bila kusafirisha hewa. Karakana yoyote ya Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, inayopeleka viti mikoani kwa lori ina faida ya kulifikiria hilo la pili.

Plastiki ilipata kiti chake mwaka 1972, Henry Massonnet wa Ufaransa alipotoa kiti cha mikono cha kipande kimoja. Kutoka kwenye kalibu kulichukua chini ya dakika mbili. Viti vya plastiki tunavyokodi kwa harusi na misiba ni ukoo huo huo.

Kwa nini mlango au meza ya mbao hupasuka wakati fundi alikuwa mzuri?

Mara nyingi tatizo ni maji. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi za mbao kuliko ubovu wa fundi.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Unapokauka mpaka unyevu ufike karibu asilimia 30, ubao haujasinyaa bado, ni maji ya kwenye mashimo ya ndani yaliyotoka. Ukishuka chini ya hapo, maji yanayotoka ni yaliyo ndani ya kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ndipo ubao unapoanza kupungua. Haupungui sawa kila upande. Kwa urefu haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana, ubao uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti hupungua kama mara mbili ya uliopasuliwa kuelekea kwenye kiini. Ubao wa paini wenye upana wa milimita 200 ukitoka kwenye unyevu wa asilimia 30 hadi 12 unaweza kupoteza milimita 6 hadi 8. Kama umeugongomea misumari pande zote mbili, utapata nafasi hiyo kwa kupasuka.

Samani za ndani zinahitaji mbao yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi, na pwani juu kidogo, kwa kuwa hewa yenyewe ina unyevu. Meza iliyotulia Tanga ikihamishiwa Dodoma itasinyaa tena, hata kama ilikaushwa vizuri.

Nitapimaje unyevu bila kununua kipimo?

Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, maana ncha hukauka kwanza na zitakudanganya. Kipime kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni kwenye nyuzi joto 103 hivi, kipime tena na tena mpaka uzito usibadilike. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, kisha gawa kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 500 kikiishia 430, kilikuwa na unyevu wa asilimia 16. Bado mapema kukifanya meza.

Kwa kukausha, panga mbao kivulini, juu ya matofali, na weka fito za unene mmoja kati ya safu na safu. Fito zisimame juu ya fito, mstari mmoja kutoka chini hadi juu, la sivyo ubao utajipinda kama ulivyoulaza. Paka rangi kwenye ncha ili zisitoe maji haraka. Mbao ngumu kama mninga au mvule zinahitaji miezi mingi. Tanuri la kukaushia hufupisha muda huo kuwa siku au majuma.

Dawati la shule: fremu ya chuma na mbao juu. Ni mchanganyiko mzuri?

Ni mchanganyiko wenye akili sana, na madawati mengi yaliyotengenezwa Tanzania wakati wa kampeni ya madawati ya mwaka 2016 yalikuwa ya namna hiyo. Chuma kinabeba maungio, mahali ambapo watoto hutikisa kila siku. Mbao inabeba mwili na daftari, mahali ambapo chuma kingekuwa baridi asubuhi na cha moto mchana. Ubao ukivunjika, seremala wa kijijini anaubadilisha bila kugusa fremu.

Kinachowashinda wengi ni pale mali mbili zinapokutana. Fremu haisinyai, ubao unasinyaa. Bolti ikipita kwenye tundu lililobana pande zote, ubao utapasuka kwenye mstari wa bolti, na utaona ufa huo kwenye madawati mengi ukiinama kutazama. Dawa yake haigharimu kitu: tundu la mbele la fremu liwe la duara, la nyuma liwe refu kwa upana wa ubao, milimita 8 kwa 16 kwa bolti ya milimita 6, na washa (kipete bapa cha chuma) pana chini yake. Ubao unateleza unavyotaka na bado umeshikwa. Kiwanda kinachotoboa matundu yote ya duara kinaokoa dakika moja kwa dawati na kulipoteza dawati.

Geji ni nini, na kwa nini mabomba mawili ya ukubwa mmoja yana bei tofauti?

Geji ni unene wa bati au ukuta wa bomba, na namba inaenda kinyume: namba ikipanda, unene unashuka. Geji 16 ni karibu milimita 1.5, geji 18 karibu milimita 1.2, geji 20 chini ya milimita 1. Skwea paipu ya inchi moja ya geji 20 inaonekana sawa kabisa na ya geji 16 ikishapakwa rangi. Muuzaji hadanganyi kwa maneno, wewe hukuuliza. Uliza geji, kisha thibitisha kwa kupima mdomo wa bomba kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene.

Kuchomelea kunaharibika vipi?

Kwa haraka, mara nyingi. Joto la mchomeleo huvuta fremu upande uliochomelewa wakati unapopoa, kwa hiyo fundi mzuri hashiki kona moja akaimaliza. Anapachika kona zote kwa matone madogo, anapima pembe kwa kulinganisha mishazari miwili, ndipo anaanza kumalizia, akiruka kutoka kona hii hadi ile ya mkabala.

Vijiti vya kuchomelea vilivyonyonya unyevu hutoa mapovu ndani ya mchomeleo, na mapovu yale ni mashimo. Gonga gamba lote la juu kabla ya kusaga kwa grainda. Mchomeleo uliosagwa mpaka ukawa laini kama ukuta unaonekana nadhifu, lakini kwenye bomba la geji 20 huenda umebakiza chuma chembamba kuliko karatasi ya daftari. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, hasa kama uko Mombasa, Bagamoyo au Unguja. Chumvi ya baharini haisubiri Jumatatu.

Sufuria za kusubiwa kutokana na vyuma chakavu ni salama?

Kusubu alumini ni kazi rahisi kwa kiasi, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, wakati chuma cha kawaida kinahitaji karibu 1,500. Ndiyo maana tanuri la mkaa na feni linatosha, na kalibu ya mchanga inatosha. Kuyeyusha alumini iliyotumika kunatumia kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye madini. Kwa bidhaa kama pulii, vishikio vya milango na vipuri vya mashine, ni njia bora sana.

Kwa chombo cha kupikia, jibu langu ni hapana, mpaka ujue kilichoyeyushwa ni nini. Chakavu ya mchanganyiko huja na vipuri vya injini, redieta na vitu vingine vyenye risasi, ile metali yenye sumu. Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa, zikiwemo Cameroon, Kenya na Tanzania, umekuta risasi katika sufuria za aina hii, na risasi hiyo huweza kuhamia kwenye chakula, hasa chenye uchachu kama nyanya na ndimu. Risasi huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Anayesubu sufuria achague chakavu safi ya alumini, au aache sufuria akasubu kitu kingine.

Bidhaa zote za plastiki hutengenezwa kwa njia moja?

Hapana, na bidhaa yenyewe itakuonyesha njia yake ukiitazama.

Kiti, beseni na kifuniko hutokana na injekshini: plastiki iliyoyeyuka inasukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu ya chuma iliyofungwa. Geuza beseni, katikati ya kitako utaona kidoti. Hapo ndipo plastiki iliingilia. Dumu na chupa hupulizwa, na ndiyo maana ndani yake ni patupu na chini kuna mstari wa pale kalibu ilipobana. Bomba la maji husukumwa kupitia tundu lenye umbo lake, likatoka refu bila kikomo kama tambi. Tanki la maji la lita 5,000 hutengenezwa kwa kuzungusha: unga wa polithilini, aina ya plastiki, unawekwa ndani ya kalibu ya bati, kalibu inazungushwa pande mbili ndani ya tanuri, unga unayeyuka na kujipaka kwenye kuta.

Njia hii ya mwisho inastahili kuangaliwa zaidi na wenye mtaji mdogo. Hakuna msukumo mkubwa, kwa hiyo kalibu haihitaji chuma kinene, na gharama yake ni sehemu ndogo ya kalibu ya injekshini ya ukubwa huo. Kasoro yake ni mwendo. Tanki moja huchukua nusu saa au zaidi, wakati beseni linatoka kwa sekunde.

Kwa nini viti vya plastiki vina mbavu chini, na kwa nini vingine huvunjika ghafla?

Polipropilini, plastiki ya viti, ni laini kwa kupindika zaidi ya mara mia ukilinganisha na chuma. Kiti kinapata nguvu kutokana na mikunjo na mbavu. Ukinenepesha ukuta badala ya kuongeza mbavu, plastiki itachelewa kupoa na utaona mabonde juu ya kiti.

Kuvunjika ghafla ni kazi ya jua. Mwanga wake hukata minyororo ya plastiki taratibu, uso unapauka na kuwa wa chaki, kisha siku moja mguu unaachia. Viwanda huongeza dawa ya kuzuia mwanga au masizi meusi, na anayetaka kupunguza bei hupunguza dawa hiyo kwanza. Kiti kilichopauka kiondoe kwa wageni.

Plastiki iliyorejelewa inaweza kutumika kama mbao?

Inaweza, na Lamu imeonyesha. Flipflopi, jahazi la takriban mita 9 lililoshushwa majini mwaka 2018, liliundwa kwa plastiki iliyookotwa, chini ya usimamizi wa fundi Ali Skanda, kwa mbinu za waunda majahazi. Mapema mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Mbao zake ni za plastiki, lakini zilikatwa na kuungwa kwa vifaa vya seremala.

Anayetaka kufuata njia hiyo kwa mabenchi au uzio akumbuke kipimo kimoja. Mita moja ya chuma ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kama theluthi moja ya milimita. Mita ya polithilini hurefuka milimita 3 hadi 6. Acha nafasi kati ya mbao na mbao, na toboa matundu marefu, kama yale ya dawati. Pia plastiki hulegea ikibebeshwa mzigo kwa muda mrefu, kwa hiyo benchi la plastiki linahitaji miguu ya karibu karibu kuliko la mninga.

Umeme ukikatika?

Seremala anachukua randa ya mkono. Mchomeleaji anasubiri. Mwenye mashine ya injekshini yuko matatani, kwa sababu plastiki inagandia ndani ya mashine, na kama ni PVC, plastiki ya mabomba, inaungua na kutoa asidi inayokula chuma. Mashine hizi nyingi zinataka umeme wa fezi tatu. Weka gharama ya jenereta kwenye hesabu yako ya kwanza.

Vipi afya ya mafundi?

Kila mali ina hatari yake. Vumbi la mbao na moshi wa kuchomelea vyote vimeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa vinasababisha saratani. Miwani ya jua haizuii mwanga wa kuchomelea. Kinachozuia ni kioo cheusi cha namba 10 au 11. Na maziwa, ambayo mafundi hunywa kama kinga, hayasafishi mapafu. Fundi anayechomelea mabomba ya mabati hupata homa jioni kutokana na moshi wa zinki, na glasi ya maziwa haiuondoi. Kinachosaidia ni kukwangua zinki mahali pa kuchomelea, kufanya kazi kwenye upepo, na barakoa inayofaa. Nawaomba wenye karakana wanunue kioo na barakoa kabla ya kununua grainda ya pili.

Nikienda kununua, nikague nini?

Kiti cha mbao: kitikise kwa kukivuta mgongo na mguu kwa mwelekeo tofauti. Maungio ya ulimi na tundu hayalii. Yaliyogongomewa misumari tu yanalia siku ya kwanza. Tazama chini ya kikalio, mahali pasipopigwa vanishi, uone rangi halisi ya mbao. Paini iliyopakwa rangi ya mninga huonekana hapo.

Kiti cha chuma: kiweke kwenye sakafu iliyo sawa kabisa. Kikicheza, fremu ilivutwa na joto na haitajirudi. Pitisha kidole ndani ya kona, upande ambao rangi haikufika vizuri.

Kiti cha plastiki: kiegemee kwa nyuma kidogo na utazame miguu inavyotanuka. Miguu ikirudi mahali pake, sawa. Ikibaki imetanuka, au ukiona mstari mweupe kwenye mkunjo, kirudishe juu ya rundo uchukue kingine.